Kigingi wa Mutama

Wanafunzi wenzangu, mmeniuliza mara nyingi kwa nini niliingia chuoni mwaka mmoja kabla yenu na bado tunahitimu pamoja. Nimekuwa nikijibu kwamba niliugua. Sikuugua. Mwaka ule pesa yangu ya kodi ya chumba, ya chakula na ya karatasi iliingia yote katika magurudumu mawili ya mbele ya gari la baba. Nilipojaribu kulieleza jambo hilo mara ya kwanza, mtu alicheka, nikanyamaza. Sasa nimepewa kurasa hizi na hakuna wa kunikatiza.

Gari lenyewe ni pikapu ya Toyota Land Cruiser, FJ45 ya mwaka 1974. Nasikia Ulaya na Marekani watu hulinunua gari kama hilo kwa bei ya nyumba, wakalisugua hadi ling'ae na kulipeleka kwenye maonyesho siku ya Jumapili. Kwetu linaitwa Mutama, yaani mzee kwa Kirundi, na Jumapili hulala kwa sababu ya misa, si kwa sababu ya maonyesho. Baba alimnunua mwaka 2003. Injini yake ya kwanza, ya petroli, ilikuwa imekwisha kufa. Aliyokuwa nayo ni 3B ya dizeli iliyotoka katika Land Cruiser nyingine iliyopinduka. Kazi yake ni kushusha mihogo na ndizi, na kupandisha mawese, chumvi, sabuni na ndagala.

Bugarama ninayoisema si ile ya Muramvya, ambako abiria wa Bujumbura hushuka kununua mboga. Ni ile ya Rumonge. Chini ina ufuko wake, Magara, kwenye barabara ya RN3. Juu ina vilima vya Mirwa. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu hupanda kupita mita 1,500 bila kwenda mbali. Kwa hiyo barabara yetu haina pa kupumzikia. Kwenda sokoni ni kushuka, kurudi nyumbani ni kupanda, na mvua ikinyesha udongo mwekundu huwa kama sabuni ileile tunayoipakia.

Kijana anayefuatana na dereva kwetu huitwa kigingi. Niliposoma hapa chuoni kwamba kigingi ni mti mfupi unaochomekwa ardhini kushikilia kitu kisiende, nilicheka peke yangu darasani, na mwalimu akanitazama. Kazi yangu tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili ilikuwa hiyo hasa. Nilikaa nyuma juu ya mizigo nikiwa na kabari ya mti mikononi. Gari likisimama mlimani, nilitakiwa kuruka chini kabla halijaanza kurudi nyuma, nikimbie, niisukume kabari chini ya tairi, na nitoe mkono. Baba hakuwa na haja ya kupiga honi. Nilikuwa nikisikia sauti ya injini inavyolegea, na miguu yangu ilikuwa hewani kabla haijazima. Mutama alikuwa na breki nne za ngoma. Ya tano nilikuwa mimi.

Hapa naomba niseme kidogo juu ya maneno, maana ndiyo tunayosomea. Sisi nyumbani husema feri, kutoka Kifaransa. Watanzania husema breki. Mafundi wa Bujumbura huita breki ya zamani tambuu, kutoka neno la Kifaransa lenye maana ya ngoma. Mimi nitaandika ngoma. Najua Mrundi akisikia neno hilo atafikiria jambo jingine, kwa kuwa kwetu ingoma ni chombo na pia ni utawala wa mfalme, na UNESCO iliandikisha ngoma zetu za kifalme mwaka 2014. Hii ya gari ni sufuria ya chuma cha kalibu inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni ndogo, pistoni husukuma viatu nje, navyo husugua ukuta wa ngoma kwa ndani.

Ni kazi ya akili, nisiidharau. Ngoma ikizunguka kwenda mbele hukivuta kiatu na kukibana zaidi ukutani, hivyo mguu wa dereva hupata nguvu nyingi bila kuzilipia. Ndiyo sababu Mutama aliweza kusimama bila msaada wowote zaidi ya paja la baba. Ila kuna mambo matatu. La kwanza, ngoma ikipata moto hupanuka, yaani ukuta unavikimbia viatu, na pedali inazama. Ukishuka na tani moja ya mihogo ukawa umekanyaga muda wote, chini utafika na pedali iliyolala sakafuni. La pili, maji na tope vikiingia havitoki upesi. La tatu nililijua nimeshachelewa, nalo ndilo lililotuumiza.

Nilipokuja chuoni, mdogo wangu alirithi kabari. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwezi wa nne mwaka 2021, katika mvua, Mutama alikuwa akipanda na magunia ya chumvi na madumu ya mawese. Injini ikazima. Baba alikanyaga kwa miguu yote miwili na kuvuta breki ya mkono, ambayo katika gari hilo hushika mhimili unaopeleka nguvu nyuma, si magurudumu yenyewe. Gari likatelemka kinyumenyume hata hivyo. Mdogo wangu aliruka kama nilivyomfundisha. Aliiweka kabari vizuri. Kabari ilishika, ila udongo chini yake haukushika. Ikateleza nayo ikamvuta, na tairi likapita juu ya mguu wake. Mutama aliishia kwenye ukingo wa juu, upande wa mlima. Upande wa pili kulikuwa na korongo. Mdogo wangu alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto na mpaka leo huchechemea kukiwa na baridi.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa hapa, nadhani katika somo la fonolojia.

Nilirudi nyumbani nikakuta watu wamenyamaza. Baba hakugusa gari kwa muda wa wiki tatu. Halafu akasema lazima lifanye kazi, maana dawa zinalipwa na nini? Mama alimjibu neno moja tu: kigingi mwingine hatatoka katika nyumba hii. Sote tulielewa maana yake. Mutama asiye na kigingi asingeweza kupanda mlima ule, na sisi tusingekuwa na cha kula.

Ng'ombe wangu alikuwepo. Nasema wangu kwa sababu baba alimtenga tangu nilipofaulu mtihani wa taifa, auzwe kwa ajili ya mwaka wangu wa tatu. Mimi ndiye niliyesema auzwe kwa breki. Msinione shujaa, nilisema hivyo nikitumaini baba atakataa. Alikataa kweli, siku nne nzima, lakini hakukataa kwa sababu ya kalamu yangu. Alikataa kwa ajili ya ngoma. "Hizi zimenileta nyumbani miaka kumi na minane," alisema. "Mlima haushukwi kwa feri, mwanangu. Unashukwa kwa gia. Dereva ukimpa feri nzuri, anaota mabawa." Nilimwona mkaidi. Leo naona alikuwa na haki kwa nusu, na nusu hiyo nitairudia. Siku ya tano aliniwekea pesa mkononi na kusema, "Ni ng'ombe wa masomo yako. Wewe mwenyewe uamue pa kumlia."

Tulimpeleka Mutama Buyenzi, Bujumbura, kwa fundi aliyejua Land Cruiser kama mkulima ajuavyo mbuzi zake. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi, aliniita Mwalimu, na kwa kuwa sikuwa na pesa ya kumlipa msaidizi, nikawa msaidizi. Siku ya kwanza aliinua mbele, akafungua ngoma ya kushoto, akanionyesha kwa bisibisi. "Tazama, Mwalimu. Mitungi miwili, huu na huu. Kila mmoja unasukuma kiatu chake, na vyote viwili vinaangalia mbele. Gari likienda mbele, hakuna feri inayoishinda hii. Likirudi nyuma?" Alizungusha ngoma kinyume kwa mkono. "Ngoma inavifukuza viatu. Mbele huna feri, una jina tu."

Niliweka taa chini. Kwa hiyo siku ile mlimani, breki za mbele za Mutama zilikuwa karibu hazipo, na hazikuwa mbovu. Ziliundwa hivyo. Ilibaki za nyuma, zilizokuwa zimelowa tope, na mtoto. Sikumwambia fundi chochote. Nilimwomba anionyeshe tena.

Diski haina ujanja wa aina hiyo. Ni sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu mahali peupe, na kalipa inaibana kutoka pande zote mbili kwa pedi. Kwake mbele na nyuma ni sawa. Ikipata moto inanenepa, na kunenepa kwake ni kuelekea pedi, si kuzikimbia. Maji huyarusha. Ajabu ni kwamba breki hizi mbili ni za umri mmoja: mwaka 1902 Louis Renault alikuwa akiiweka ngoma katika umbo lake la kisasa huko Ufaransa, na mwaka huohuo Frederick Lanchester wa Birmingham akapata hataza ya diski. Ngoma ikashinda kwa nusu karne. Diski ilingoja hadi Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 ikiwa nazo, na mwaka 1955 Citroën DS ikaziweka mbele katika gari la watu wa kawaida. Mutama wa 1974 alitoka kiwandani na ngoma nne. Waliomfuata, hasa zile Land Cruiser 60 za miaka ya themanini, walikuwa na diski mbele, na uzuri wa Toyota ni kwamba mjukuu anaweza kumvalisha babu viatu vyake.

Tulipata vifaa kutoka kwa 60 iliyokuwa imekatwakatwa palepale Buyenzi: habu mbili, diski mbili ambazo zilikuwa bado nene, kalipa za pistoni nne nne, na vishikio vyake. Pedi, beringi na sili tulinunua mpya, kwa maana fundi alisema cha mtumba kinachozunguka utakinunua mara mbili. Nilidhani ni kazi ya kufungua na kufunga. Kumbe ukifika kwenye habu unafungua tumbo lote la gurudumu: nati kubwa mbili, beringi, mhimili, mpaka kiungio kinachogeuka ndani ya grisi nyeusi. Niliosha vyuma kwa dizeli siku mbili. Kalipa ilipowekwa iligusa sikio la kifundo kinachogeuza gurudumu, fundi akalikwangua kwa grainda kidogo kidogo, akipima kwa kadi yake ya simu kama nafasi inatosha. Magurudumu yetu ni ya inchi 16, yakaingia bila ugomvi; mwenye ya 15 husumbuka.

Halafu sevo. Diski haijisaidii yenyewe kama ngoma, inataka kubanwa kwa nguvu nyingi, na paja la baba lina umri wake. Sevo ni sahani kubwa kama sinia mbele ya pedali ambayo hutumia mvuto wa hewa kusaidia mguu. Injini ya petroli huleta mvuto huo yenyewe. Ya dizeli haina, inahitaji pampu. Fundi akainama, akaangaza nyuma ya alteneta, akacheka mpaka akakohoa. Pampu ilikuwepo! Ilikuja pamoja na ile 3B kutoka gari lililopinduka, na mtu alikuwa ameiziba mdomo kwa kijiti na mpira wa baiskeli. Miaka yote ile nilipokuwa nikiruka na kabari, injini ilikuwa ikivuta hewa bure.

Siku ya kutoa hewa kwenye mabomba nilikaa mimi kwenye kiti cha baba. "Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga." Tulianza na gurudumu la mbali zaidi. Pedali iliyokuwa kama sponji ikaanza kuinuka, mwishowe ikawa ngumu chini ya mguu wangu, karibu tu, pale juu.

Tuliondoka kwa furaha, nikiwa na fundi, kwenda kujaribu kwenye RN3. Tulipofika Kabezi nilisikia harufu. Nikashuka, magurudumu ya mbele yalikuwa yakifuka moshi. Nilifikiria ng'ombe. Fundi hakusema neno. Alichukua spana, akalegeza kiskurubu cha kutolea hewa kwenye kalipa ya kulia, mafuta yakaruka kama mkojo wa mtoto, na gurudumu lililokuwa limekwama likazunguka kwa kidole. Akapiga paji la uso. Masta silinda tuliyoweka ilitoka katika gari lenye ngoma mbele na nyuma. Ya namna hiyo ina vali ndogo inayobakiza shinikizo kidogo kwenye bomba hata ukiachia pedali, maana viatu vina springi za kuvirudisha na shinikizo hilo huzuia hewa isiingie. Pedi hazina springi. Ukibakiza shinikizo, hazitoki kwenye diski kamwe. Tulisubiri vyuma vipoe, tukila mahindi ya kuchoma, kisha akafungua njia ya mbele ya masta silinda, akachokoa kipande cha mpira kidogo kuliko ukucha, akakitupa. Tukatoa hewa upya barabarani. Jambo la ukubwa wa ukucha! Sijawahi kusoma kosa la sarufi bila kulikumbuka.

Kabla hatujaagana fundi alinishika bega. "Mwambie mzee asizime injini mteremkoni. Nasikia mnafanya hivyo sasa." Ilikuwa kweli kwa wengi, mafuta yalikuwa yameanza kuadimika na madereva walishuka kimya kimya ili kubana matone. Kwa ngoma za zamani waliponea. Kwa sevo, ukizima injini unabakiwa na mikanyago miwili au mitatu, kisha pedali inakuwa jiwe. Na hiyo dizeli wanayodhani wanaiokoa haipo: ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, pampu ya dizeli haipeleki karibu chochote. Nilipomweleza baba haya alinitazama muda mrefu. "Nilikwambia nini?" akasema. "Gia." Hapo ndipo penye nusu yake ya haki. Diski hazikumfundisha kushuka. Alishuka siku ya kwanza kama alivyoshuka siku zote, gia ya pili, injini ikinguruma, mguu wa kulia ukiwa umetulia, akigusa breki kidogo kwenye kona tu. Tulipofika Magara alishuka, akasogeza kiganja karibu na kila gurudumu kupima joto, kama daktari kwenye paji la mtoto. Hakusema nzuri wala mbaya. Aliniuliza chuo kinafunguliwa lini, nami nikamwambia mwaka ujao.

Wakati wa kurudi tulifika pale. Alisimama kwa makusudi, katikati ya mlima, na mzigo nyuma. Mama alikuwa kasema tusimwambie atafanya hivyo. Aliweka gia huru, akaachia mpaka Mutama akaanza kurudi nyuma hatua mbili tatu, kisha akakanyaga. Gari likasimama. Akaachia tena, akakanyaga tena. Likasimama. Alifanya hivyo labda mara sita, mdogo wangu akiwa amekaa kati yetu ameshika dashibodi. Kisha tukaondoka.

Ngoma za nyuma bado zipo; pesa haikuzifikia, na fundi alisema kwa gari letu zinatosha mradi zirekebishwe. Mdogo wangu ndiye anayeingia chini kila mwezi na bisibisi kukaza vigurudumu vya meno, sawa kwa sawa kila upande, na ana sikio zuri la kusikia kiatu kinapogusa. Anasema atakuwa fundi Buyenzi. Sokoni Magara, Mutama akiegeshwa, baba bado husahau na kuita, "Weka!" Mdogo wangu humtazama bila kujibu. Baba hushuka mwenyewe, huzunguka nyuma, huitoa kabari chini ya turubai, na kuinama taratibu kuiweka chini ya tairi.